Deni la Kicheko

Mzaha bora niliowahi kutunga ulikuwa wa neno moja: Kesho.

Tulikuwa mwaka wa pili chuoni, hosteli ya wanaume, watu wanne katika chumba kilichojengewa wawili. Chumba jirani kulikuwa na jamaa mmoja wa kukopa. Si pesa nyingi. Hamsini ya chapo na madondo, ishirini ya kredo, mia ya nauli. Ukimuuliza atarudisha lini, anakujibu kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea karibu na mgonjwa: "Kesho, komredi." Jioni moja alikuwa anapita koridoni na taulo begani, nami nikapaza sauti, "Jamani, Kesho amefika leo!" Koridoni nzima ikaangua kicheko. Yeye mwenyewe alicheka. Tangu siku hiyo jina lake likapotea, akawa Kesho.

Nitarudi kwake. Lakini kwanza itabidi tupitie Athens, maana huko ndiko nilikoanza kuelewa nilichokuwa nimefanya, na nilifika huko nikiwa nimechelewa.

Chuo sikumaliza. Baada ya kuondoka nilikuwa naishi kwa kuandikia watu vitu vidogo vidogo, na nilisoma chochote nilichoweza kumudu. Kwenye vitabu vya mtumba vinavyotandazwa kando ya barabara mjini, nilipata tafsiri ya Kiingereza ya tamthilia za Aristophanes, jalada limetoka, shilingi mia. Sijui Kigiriki. Ninayoyasema hapa nimeyatoa kwenye tafsiri na kwenye yale maelezo ya chini ya ukurasa, yenye herufi ndogo, ambayo nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa nayaruka. Siku hizi ndiyo naanza nayo.

Tamthilia iliyonishika inaitwa Mawingu. Ilichezwa mara ya kwanza mwaka 423 KK, kwenye sherehe kubwa za mungu Dionysus, mbele ya umati wa watu wa Athens. Inaanza usiku. Mzee Strepsiades, mtu wa shamba aliyeoa mwanamke wa ukoo wa kitajiri wa mjini, hapati usingizi. Karibu naye kijana wake Pheidippides amelala fofofo ndani ya blanketi tano, anajamba na kuota mashindano ya farasi. Mzee anaagiza taa iwashwe, aletewe daftari la madeni, anaanza kusoma. Mina 12 za farasi. Mina 3 za gari na magurudumu. Mina moja ilikuwa drakma 100, na drakma moja ilikaribia ujira wa fundi wa siku nzima. Piga hesabu: huyo farasi mmoja ni zaidi ya miaka mitatu ya jasho. Mzee akiwa bado kwenye daftari, taa inazimika. Mafuta yameisha.

Nilisoma hapo nikiwa kwenye matatu, na nilicheka hadi konda akanitazama vibaya. Nilijua ile taa. Nilijua kuamka saa nane za usiku na kuanza kuhesabu unadaiwa na nani, kana kwamba ukihesabu vizuri zaidi deni litapungua.

Suluhisho la mzee ni elimu. Karibu na kwake kuna Nyumba ya Kufikiri, ambako, amesikia, wanafundisha hoja mbili: ile ya nguvu, na ile dhaifu ambayo hushinda hata ikiwa upande wake ni wa uongo. Mzee anataka hiyo ya pili. Akiijua, atawashinda wadai mahakamani na hatalipa hata senti.

Mwenye hiyo nyumba ni Socrates. Si mhusika wa kubuni. Ni Socrates yule yule, mtu aliyekuwa hai, anayetembea mtaani bila viatu, jina lake likitajwa jukwaani bila kufichwa. Na mizaha inayofuata ni mitamu kweli. Tunaambiwa Socrates amepima kiroboto anaruka umbali wa nyayo zake ngapi, kwa kumchovya miguu kwenye nta ili apate viatu vyake. Amechunguza kama mbu analia kwa mdomo au kwa makalio. Usiku mmoja alikuwa ameachama akiutazama mwezi, mjusi kafiri akamnyea kutoka juu. Wanafunzi wameinama, pua ardhini, wanatafiti yaliyo chini ya ardhi, huku makalio yao yakitazama juu na kusomea nyota kivyake.

Halafu tunamwona mwenyewe. Ananing'inia ndani ya kapu, juu. Mzee anamuuliza anafanya nini huko, na jibu lake ni kwamba anatembea hewani na kulitafakari jua.

Naomba msomaji aliweke jibu hilo akilini, kwa sababu litarudi mara mbili. Mara hii ya kwanza halina ubaya wowote. Ni kicheko cha mtu wa chini kumtazama msomi. Kila aliyewahi kukaa darasani mbele ya mhadhiri anayeongea na dari anaielewa picha hiyo.

Mzee anajaribu kusoma, masikini. Analazwa chini ya blanketi lenye kunguni, aambiwe afikiri. Ninaijua hiyo hosteli. Wazo zuri analolipata huko ni la kununua mchawi wa kike kutoka Thessaly, ushushe mwezi kutoka angani usiku, uufungie sandukuni. Kwa nini? Kwa sababu riba hulipwa kila mwezi unapoisha. Mwezi usipotoka, mwezi hauishi. Kiingereza kinalazimika kueleza mzaha huu. Kiswahili wala hakihitaji. Tunaotafutwa na mwenye nyumba kila tarehe moja tumewahi kutamani hilo sanduku.

Lakini mzee ni msahaulifu, na Socrates anamfukuza. Hivyo anamleta kijana wake badala yake, na kijana anashika masomo haraka. Wadai wanapokuja, mzee anawafukuza kwa vijipande vya masomo aliyosikia. Mmoja anadai walau riba. Neno la Kigiriki la riba ni *tokos*, na pia lina maana ya mtoto, kitu kilichozaliwa. Mzee anajifanya hajui ni mnyama gani huyo. Mdai anamweleza kuwa ni ile pesa kuzidi kuongezeka siku baada ya siku. Ndipo mzee anapouliza: je, bahari inaongezeka? Hapana. Basi ikiwa mito yote inaingia baharini na bahari haizidi, wewe ni nani pesa yako izidi?

Hadhira ilicheka, bila shaka. Ila kaa na neno hilo kidogo. Riba ni mtoto. Mzee anakataa kwamba deni linazaa, ilhali mtoto aliyemletea deni yuko ndani ya nyumba, ameshaelimika, anangoja chakula cha jioni.

Kwenye chakula hicho wanagombana kuhusu mashairi. Mzee anataka wimbo wa zamani, kijana anauona ushamba, na mwishowe kijana anampiga baba yake. Kisha anatetea kipigo kwa hoja: ulinipiga nikiwa mdogo kwa faida yangu, wazee huwa watoto mara ya pili, basi nami nakupiga kwa faida yako. Kinachotisha ni kwamba baba anakubali. Hoja imenyooka. Ni pale kijana anaposema ataweza kuthibitisha kuwa ni haki kumpiga mama pia, ndipo mzee anapozinduka.

Anawageukia Mawingu, wale miungu wa kike wanaoimba tamthilia nzima, anawalaumu. Wanamjibu kwamba alijiletea mwenyewe, alipoyaelekea maovu. Na hapo, kwa mistari michache sana, mzee anakubali. Anasema ni chungu, lakini ni haki. Hakupaswa kudhulumu pesa alizokopa.

Kama tamthilia ingeishia hapo, ingekuwa hadithi ya mtu aliyejifunza. Haiishii hapo. Papo hapo mzee anamgeukia Socrates. Anachukua ngazi na mwenge, anapanda juu ya Nyumba ya Kufikiri na kuichoma na watu wakiwa ndani. Kutoka kwenye moshi anaulizwa anafanya nini huko juu. Anajibu kwa maneno yale yale ya Socrates: anatembea hewani na kulitafakari jua.

Huo ndio mzaha ule wa kapu, mara ya pili. Hakuna neno lililobadilika. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna moto, na mtu ndani analia kuwa anakosa pumzi. Nilifunga kitabu. Kicheko kilikuwa kimeshanitoka kabla sijagundua ninacheka nini.

*

Mwisho wa muhula huo hosteli yetu ilikuwa na usiku wa vipaji. Mimi nilikuwa mchekeshaji. Nilipanda jukwaani na taulo begani, simu sikioni, nikaigiza Kesho akimpigia baba yake simu. Baba nilimpa sauti ya mzee wa kijijini asiyejua kushika simu, anayepiga kelele kana kwamba anaongea na mtu wa ng'ambo ya mto. "Karo nimepeleka kesho!" anasema baba. "Nami nitasoma kesho!" anajibu mwana. "Basi hata wewe utazaliwa kesho!" Ukumbi ukavunjika mbavu. Watu waligonga meza. Nilipewa zawadi ya kredo ya shilingi mia tano.

Kesho alikuwa amekaa safu ya tatu. Alipiga makofi. Ulitaka afanye nini?

*

Mara ya tatu maneno ya kapu yanarudi, hayapo kwenye komedi. Yako mahakamani. Mwaka ni 399 KK, miaka 24 baadaye. Socrates ana miaka 70 na ameshtakiwa kwa kutoheshimu miungu ya mji na kuwapotosha vijana. Katika utetezi wake, kama Plato alivyouandika, anasema washtaki walio mbele yake si wa kutisha sana. Wa kutisha ni wale wa zamani, waliowaambia majaji uvumi wakiwa bado watoto. Hawezi kuwaita wajibu maswali, wala kuwataja kwa majina, isipokuwa pale mmoja wao anapokuwa mtunzi wa komedi. Ni kama kupigana na vivuli. Halafu anawakumbusha: nyinyi wenyewe mlimwona, kwenye komedi ya Aristophanes, Socrates fulani akibebwa huku na huko, akisema anatembea hewani.

Alihukumiwa. Yeye mwenyewe alisema kura 30 tu zingehamia upande mwingine angeachiliwa. Akanywa sumu.

Nisidanganye hapa. Komedi haikumuua Socrates. Athens ilikuwa imeshindwa vita na Sparta mwaka 404 KK, ikatawaliwa na madhalimu thelathini, na baadhi ya watu waliouumiza mji walijulikana kuwa waliwahi kuzunguka naye. Kulikuwa na hasira iliyotafuta pa kutua. Isitoshe, Mawingu haikupendwa ilipochezwa. Ilishika nafasi ya tatu, na Aristophanes aliumia hadi akaiandika upya. Maelezo ya kale yaliyohifadhiwa pamoja nayo yanasema ule mwisho wa moto ni sehemu ya yaliyotiwa katika toleo la pili, ambalo halikuwahi kuchezwa. Kwa hivyo pengine majaji hawakuuona moto. Waliliona kapu tu.

Lakini ona: kapu lilitosha. Mzaha ulioshindwa, wa mwaka mmoja, ukakaa kwenye vichwa vya watu miaka 24. Mtunzi alikuwa ameshaendelea na mengine. Deni halikulala.

Je, basi ni makosa kumcheka mtu aliye hai kwa jina lake? Nilidhani jibu ni rahisi: mcheke mkubwa, mwache mdogo. Nusu ya ukweli iko hapo. Mwaka mmoja kabla ya Mawingu, Aristophanes alimrarua Cleon, mwanasiasa mwenye nguvu kuliko wote, kwenye tamthilia ya Mashujaa wa Farasi. Ilipata ushindi. Muda mfupi baadaye watu wale wale waliocheka wakamchagua Cleon kuwa jemadari. Mkubwa ana pa kuupeleka mzaha, unamgonga unaanguka.

Na kuna kisa ninachokipenda zaidi. Katika tamthilia hiyo hiyo, Aristophanes alimsema mtunzi mwenzake mzee, Cratinus, kuwa kaishiwa, mlevi wa kuhurumiwa tu. Mwaka uliofuata Cratinus akarudi na tamthilia iitwayo Chupa, ambayo yeye mwenyewe ni mhusika: mume wa mwanamke aitwaye Komedi, ambaye anataka kumwacha kwa sababu ya pombe. Alichukua tusi akalivaa kama kanzu. Akashinda nafasi ya kwanza, mwaka ule ule ambao Mawingu iliangushwa. Kijana alimwita mzee mlevi, mzee akamwonyesha jinsi ulevi unavyochekeshwa.

Cratinus alikuwa na jukwaa la kujibia. Socrates hakuwa nalo hadi siku ya kesi. Kesho alikuwa na safu ya tatu na mikono miwili ya kupigia makofi.

Bado hiyo si hoja yangu yote, kwa sababu si kila asiye na jukwaa huumizwa na mzaha. Yule mjusi kafiri hakumdhulumu Socrates. Mtu yeyote anaweza kunyewa na mjusi, na ukimcheka bado unamwona: mtu aliyeutazama mwezi kwa muda mrefu mno. Kosa liko kwingine. Liko katika kile ambacho Aristophanes alikijua na akakiacha nje.

Athens ya siku zile ilikuwa na walimu waliolipisha pesa nyingi kufundisha mabishano. Ilikuwa na watu waliochunguza anga. Socrates hakuwa mmoja wao: hakuwa na shule, na mbele ya majaji alikana kabisa kuwa alilipisha mtu. Aristophanes aliwachanganya wote kwenye kapu moja kwa sababu sura ya Socrates ndiyo iliyojulikana. Tena miezi michache tu kabla ya Mawingu, Socrates alikuwa vitani Delium kama askari wa miguu, Athens iliposhindwa na watu kukimbia ovyo. Jambo la namna hiyo haliendi na kapu. Ukiliingiza, mzaha unakufa.

Ndivyo ninavyoamini sasa. Mzaha wa dhuluma si ule ulio mkali. Ni ule ambao mchekeshaji anajua zaidi ya anachoonyesha, na anakikata kwa makusudi kile kipande ambacho kingewazuia watu kucheka. Kipande hicho ndicho deni. Na kinazaa, kwa sababu waliocheka wanaondoka nacho kikiwa hakipo, wanamjua mtu nusu na wanadhani wanamjua mzima.

Ushahidi wangu ni Plato tena. Ameandika kitabu kingine, kuhusu karamu iliyofanyika mwaka 416 KK, na humo Socrates na Aristophanes wanakunywa pamoja. Aristophanes anashikwa na kwikwi zamu yake ya kuongea inapofika. Alfajiri, wengine wakiwa wamelala, Socrates bado anabishana naye na mwenye nyumba, akisisitiza kuwa mtu yule yule anayeweza kutunga tanzia anapaswa kuweza kutunga komedi. Aristophanes anasinzia wa kwanza. Hakuna chuki mezani.

Katikati ya karamu hiyo Alcibiades anaingia amelewa na kuanza kumsifu Socrates. Anasimulia Delium. Alikuwa kwenye farasi, anasema, na alimwona Socrates kwa miguu katikati ya askari waliotawanyika, akitembea kwa utulivu, akiangaza macho upande huu na huu, kiasi kwamba hata adui kwa mbali aliona huyu si mtu wa kuguswa. Na jinsi anavyoueleza mwendo huo, anachukua maneno ya Mawingu, yale yanayokejeli jinsi Socrates anavyojitanua barabarani akizungusha macho. Anageuka kabisa na kumwambia Aristophanes kwamba maneno ni yake.

Soma hapo polepole. Hamtukani Aristophanes. Hasemi komedi ipigwe marufuku. Anachukua mzaha ule ule, neno kwa neno, na kurudisha mahali pake kile kipande kilichokatwa. Ulimwona anatembea hivyo barabarani, ukacheka, sawa. Mimi nilimwona anatembea hivyo hivyo siku tuliposhindwa.

Sijui njia nyingine ya kulipa deni la kicheko.

*

Basi nami nilipe.

Muhula uliofuata usiku wa vipaji, tulikuwa kwenye foleni ya mtihani. Ukikosa kadi ya mtihani huingii, na kadi haitolewi kama karo haijaisha. Msimamizi alimzuia Kesho mlangoni. Akamwambia, kwa upole kabisa, ashughulikie karo kwanza. Na kabla hajajibu, mtu nyuma akaitikia, "Kesho!" Foleni yote ikacheka. Haikuwa sauti yangu. Ila neno lilikuwa langu, na nilicheka pia. Aligeuka, akapita kando yetu wote na kalamu mkononi. Hatukumwona tena.

Mwaka mmoja na nusu baadaye, mlango huo huo, mimi ndiye niliyekosa kadi. Nyuma yangu hakuna aliyesema kitu. Sikuwa nimepewa jina.

Miezi kadhaa baada ya mimi kurudi mtaani, simu ikalia. Meseji ya M-Pesa. Shilingi mia mbili, kutoka kwa mtu mwenye majina matatu nisiyemjua. Nilidhani ni mtu amekosea namba. Ilinichukua muda kuhesabu: hamsini, ishirini, mia, thelathini. Ilikuwa jumla kamili ya alichowahi kukopa kwangu. Hakuandika chochote. Nilikuwa nimekaa ukuta mmoja na mtu huyo karibu miaka miwili, na meseji ya M-Pesa ndiyo iliyonifundisha jina lake.

Baada ya kusoma Mawingu nilimpigia. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha, nimepanga maneno. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema hakuna noma, mambo ya chuo hayo. Tukanyamaza kidogo. Kisha akauliza, bila hasira, kama mtu aliyejiuliza kwa muda mrefu: "Lakini siku ile ya vipaji, ile simu ya mzee, ulikuwa umetusikia?"

Nilikuwa nimewasikia. Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba. Nilimsikia usiku mmoja akiongea na baba yake, sauti ya mzee ikipasua simu kweli, na hapo ndipo nilipopata wazo. Kuhusu sauti, niliiga vizuri. Sikuiga maneno. Mzee alikuwa anauliza kama amekula. Naye, ambaye nilijua hajala tangu asubuhi kwa sababu alikuwa ametoka kunikopa thelathini nikamwambia sina, alikuwa anamjibu kwamba chakula cha chuo ni kingi, wanapakuliwa hadi wanaacha. Baba akauliza kama kuna mtu anamdai. Akasema hapana. Baba akasema ng'ombe atauzwa. Akasema, "Usimuuze, baba. Mambo yatakuwa sawa. Kesho."

Hicho ndicho kipande nilichokata.